Gari Limepona

Usijali alikuwa amesema kesho. Alisema hivyo Jumatatu, akasema tena Jumatano, na sasa Mama Mayai alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji katika kesho nyingine kabisa, mkoba kwapani, akilitazama gari lao lililopandishwa juu ya magogo. Tumboni lilikuwa wazi. Pale palipotakiwa kuwa na giaboksi palikuwa na tundu, na kwenye tundu hilo mtu alikuwa ameanika kitambaa cha kufutia mikono.

Jina alilopewa na wazazi wake fundi huyo halikujulikana pale mtaani. Aliitwa Usijali kwa sababu ndilo neno lililomtoka kabla ya salamu. Gari linavuja oili? Usijali. Breki hazishiki? Usijali, mama yangu. Hata ungemwambia watoto wamelala na njaa kwa ajili yake, angekubembeleza kwa neno hilohilo, kisha akuombe nauli ya kufuatia spea.

"Giaboksi iko wapi?" Mama Mayai aliuliza.

"Usijali, mama. Ipo."

"Najua ipo. Nauliza iko wapi."

Usijali akaelekeza mdomo kwenye karai lililokuwa chini ya benchi. Ndani yake, katika mafuta ya taa yaliyogeuka meusi, mlikuwa na magurudumu ya meno, beringi na vipande vya shaba vilivyokwanguka.

"Hiyo ndiyo giaboksi?"

"Ndiyo yenyewe, nimeifungua. Gia ya tatu imekula meno. Nasubiri spea."

"Pesa ya spea nilikupa."

"Ulinipa ya ile spea ya kwanza. Nilipofungua nikakuta na nyingine." Akafuta mikono kwenye suruali. "Mwambie mzee aje mwenyewe tuongee. Mambo ya giaboksi, mama yangu, ni ya kuongea wanaume."

Wenzake wawili waliokuwa wameketi juu ya tairi walicheka. Mzee alikuwa amekuja siku ya kwanza. Uwanja wa gereji ile uliteremka kama paa la nyumba, na ardhi yake ilikuwa imelewa oili, na gongo moja la kutembelea la mumewe likateleza, akaanguka chali katikati yao. Walimwinua, hilo hawezi kuwanyima. Lakini walipokuwa wakimwinua mmoja akauliza, "Huyu naye ni dereva? Klachi anaikanyaga na nini, na ulimi?" Wote walicheka, Usijali akiwemo, huku amemshika mumewe kwapani. Tangu siku hiyo mumewe alisema pale hatarudi hata gari likiozea huko.

Akazunguka nyuma ya gari kabla ya kuondoka. Stepni, lile tairi la akiba, haikuwepo. Akachungulia ndani: mahali pa redio palikuwa na nyaya zimening'inia.

"Redio?"

"Tumeitunza," alisema Usijali. "Hapa pana wezi."

* * *

Nyumbani kwao chumba cha mbele kilikuwa cha mayai. Trei zilipangwa kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, katikati pamebaki njia ya mtu mmoja mwembamba, na wageni walipokelewa uani hata mvua ikinyesha. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, alikuwa ameketi juu ya kreti akipitisha yai mojamoja mbele ya tochi kutafuta nyufa.

"Amesemaje?"

"Kesho."

Dereva akacheka puani. "Huyo akifa, waombolezaji wataambiwa waje kesho."

"Na stepni imekwenda. Redio pia."

"Bandu bandu..."

"Usinimalizie methali, mume wangu. Nimechoka."

Akaketi kwenye ukingo wa mlango akavua viatu. Asubuhi hiyo, kabla ya gereji, alikuwa amepeleka mayai kwenye kiwanda cha mikate kwa mkokoteni wa kukodi. Kwa gari ni safari fupi. Kwa mkokoteni, juu ya ile barabara yenye mashimo, yeye akitembea pembeni ameshika trei za juu kwa mikono miwili, ilikuwa safari ya kuomba dua. Mtunza stoo wa kiwanda aliyapokea kwa kuyashusha trei moja baada ya nyingine mbele ya wapagazi, akitenga yaliyopasuka, na kila akitenga moja anasema, "Na hili." Alipomaliza akamwambia taratibu, kama mtu anayetoa pole, kwamba kiwanda hakiwezi kusubiri. Jumatatu asubuhi wataanza keki za oda kubwa. Mayai yasipofika kwa gari, mazima, yupo mwingine anayebisha hodi.

Kiwanda kile ndicho kilichokuwa nyumba yao. Vibanda na kantini zilichukua trei mbili tatu, za kununulia chumvi na sabuni. Kiwanda ndicho kilicholipa kodi na ada za shule, na kilimchukulia mayai yeye kwa sababu moja: Dereva hakupasua. Alikuwa ametengeneza rafu za mbao nyuma ya gari, amezipigilia vipande vya godoro, na aliendesha kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Wenye mayai wengine walikuwa na magari mapya, na bado waliingia getini na ute unavuja.

Aliendesha hivyo kwa mguu mmoja. Wa kushoto ulikatwa juu ya goti, na wengi walidhani basi, kazi imekwisha. Lakini mchomeleaji mmoja mzee alikuwa amemng'olea pedali ya klachi, akachomelea kwenye mkono wa gia kishikio kikubwa cha chuma mfano wa breki ya baiskeli, na waya mnene ukapita sakafuni hadi kwenye giaboksi. Dereva alibana kishikio, akasukuma gia, akaachia taratibu, mkono uleule mmoja ukifanya kazi ya mkono na ya mguu. Watoto walikiita mguu wa baba. Mzee yule alikwisha kufa, na kama alimfundisha mtu kazi hiyo, hakuna aliyemjua.

"Kuna fundi mwingine," alisema Mama Mayai. "Kule nyuma ya kituo cha mafuta. Wanamwita Kimya. Wanasema hana maneno, lakini gari likitoka kwake limetoka."

"Wote huanza hivyo."

"Huyu anaandika risiti."

Dereva akazima tochi. "Mpelekee. Lakini nisikilize. Usimwambie mwenye gari ni mtu wa namna gani."

"Namna gani?"

"Unanielewa. Wale kule, tangu waliponiona nimeanguka, ndipo walipoanza kututafuna. Fundi akijua mwenye gari ni kilema hawezi kumfuata, amejua amepata ng'ombe wa maziwa. Huyu mwambie mume wangu yuko kazini. Ana miguu yake miwili na hasira zake."

Alilisema neno kilema kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kumsikia.

* * *

Kulitoa gari kwa Usijali kulikuwa sawa na kumtoa mgonjwa hospitali kabla ya kulipa bili. Alidai pesa ya kufungua, ambayo ilikwisha kulipwa, kisha akadai pesa ya kulaza gari.

"Kulaza? Nilikuomba ulilaze?"

"Limekalia nafasi ya magari mengine, mama. Lakini usijali, hata ukitoa nusu."

Mama Mayai alirudi nyumbani, akafungua mtungi wa gesi, akaupeleka kwa muuza mitungi, akarudi na hiyo nusu. Jiko la mkaa lilikuwepo, na mkaa ni wa watu wote. Aliomba apewe na redio yake. Redio, aliambiwa, ametoka nayo kijana mmoja, atarudi kesho.

Gari likavutwa kwa kamba mtaani, giaboksi ikiwa ndani ya gunia nyuma kwenye rafu za mayai. Upepo, mdogo wake Mama Mayai, ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa amekaa kwao tangu lori alilokuwa akiliendesha lilipouzwa, akila na kulala, na aliitwa Upepo kwa mwendo wake barabarani. Dereva hakuwahi kumruhusu kuligusa gari. "Shemeji," alikuwa akimwambia, "wewe ubebe mchanga. Mchanga haupasuki."

Gereji ya Kimya ilikuwa na sakafu ya saruji iliyofagiwa, na spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwaga gunia juu ya gazeti, akashika kimoja kimoja, akatikisa kichwa.

"Hii haitengenezeki, dada yangu. Ukiitengeneza, utakuwa hapa tena mwezi ujao. Nina giaboksi nzima ya gari kama hili lililopata ajali, ila yake ni ya klachi ya mafuta, si ya waya kama hii. Nitakufungia yote pamoja."

"Bei?"

Akataja. Haikuwa ndogo, lakini ilikuwa bei ya mtu anayetaka kulala usingizi. Mama Mayai akaogopa asije akalia mbele ya mwanamume asiyemjua.

Kimya aliingiza kichwa upande wa dereva. "Pedali ya klachi wameng'oa."

Mama Mayai akanyamaza.

"Hao watu wa ajabu. Wameiba na pedali!" Alikuwa amekasirika kweli kwa niaba yake. "Nitakuwekea, hiyo sikutozi. Na hiki chuma kwenye mkono wa gia ni cha nini?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa, na yeye hakuliona hilo. Alichokiona ni uso wa mumewe akizima tochi. Usimwambie. Na kishikio kile kwake kilikuwa kama usukani, kama tairi: nani humwambia fundi, tafadhali usiondoe usukani? Akajibu jambo la kwanza lililomjia.

"Tulilikuta nacho. Labda ni cha mwenye gari wa kwanza."

"Haya," alisema Kimya. "Watu huchomelea mambo."

* * *

Jumamosi alasiri honi ililia mlangoni. Kimya alikuwa amelileta gari mwenyewe, amelipiga na maji, na watoto walitoka mbio wakaligusa kama ng'ombe aliyepotea akarudi. Mama Mayai alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajishtukia. Majirani wakachungulia. Upepo akafungua boneti asilolielewa, akaitikia kwa kichwa.

Dereva alitoka mwisho. Alikuwa amevaa shati la kazini, lile la mikono mifupi, na aliruka na magongo yake kwa haraka kuliko kawaida. Akafungua mlango. Akaweka mkono juu ya kiti, tayari kujivuta ndani. Kisha hakujivuta.

Sakafuni mlikuwa na pedali tatu. Mkono wa gia ulikuwa mwembamba, mweusi, una kirungu cha plastiki juu chenye namba zilizofutika. Tundu la waya sakafuni lilikuwa limezibwa kwa kipande cha bati, limepigwa rangi vizuri.

"Limerudi kama lilivyotoka kiwandani," alisema Kimya, bado ameinama chini ya boneti na Upepo, na katika sauti ya mtu yule asiye na maneno mlikuwa na fahari. "Jaribu mwenyewe mzee. Gia zinaingia kama..."

Dereva akageuka. Kimya akainua kichwa, ndipo alipoyaona magongo, akaona na suruali iliyokunjwa na kufungwa kwa pini. Akamtazama Mama Mayai. Hakupaza sauti.

"Dada, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kile chuma ni cha nini."

"Kiko wapi?" alisema Dereva.

Kimya akavua miwani. Kilikwenda na kava la giaboksi la zamani na waya wake, alisema. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita Ijumaa. Alisema angekifuata, akaenda kweli siku hiyohiyo kukifuata, akarudi jioni amejaa vumbi na kueleza kwamba mzigo ulikwisha pakiwa na kwenda kuyeyushwa. Alitaka kurudisha sehemu ya pesa. Dereva alikataa.

"Umefanya kazi yako, fundi. Kosa ni la kwangu."

Mama Mayai angependa mumewe amtukane. Alingoja aambiwe wewe ndiye uliyemwambia hivi, wewe ndiye uliyenyamaza. Alikuwa na jibu lake tayari, la moto: nani aliyenifunga mdomo? Mumewe hakumpa nafasi ya kulisema. Alikwenda kuketi juu ya kreti lake akaanza kupitisha mayai mbele ya tochi, yaleyale aliyokwisha kuyapitisha asubuhi, na moyo wa mkewe ukamuuma kuliko kama angepigiwa kelele.

* * *

Jumapili walimwita mchomeleaji kijana kutoka barabara ya pili. Akapima, akapiga picha kwa simu, akasema kitu hicho ni rahisi, tena atakiunganisha na pedali yenyewe, leo hiihii kabla ya magharibi kimekwisha. Akachukua kianzio cha kununulia chuma. Magharibi ilipofika simu yake ikawa haipatikani. Mama Mayai alikwenda hadi kibandani kwake akakuta kufuli, na jirani yake akamwambia amekwenda harusini.

Aliporudi alisikia msumeno uani. Mumewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, gongo la kushoto amelibana kati ya paja na ukuta, akilikata.

"Unafanya nini?"

"Natafuta urefu."

"Urefu wa nini?"

Dereva akapuliza unga wa mbao, akakipima kipande kwenye kiganja.

"Mume wangu, Upepo yupo. Siku moja tu. Kesho apeleke yeye, mchomeleaji atakuja..."

"Kesho," alisema Dereva. "Na wewe umeanza kusema kesho."

Asubuhi walipakia wakiwa wote. Watoto walipokezana trei hadi mlangoni, Upepo akazipanga kwenye rafu, Dereva akizikagua kutoka nje na kumwamuru ageuze hii, abane ile. Zilijaa hadi juu. Kisha Dereva akajivuta kwenye kiti, akatupa gongo zima nyuma, akashika lile fupi kwa mkono wa kulia na ncha yake akaiweka juu ya klachi.

"Shemeji," alisema Upepo, "ngoja basi nikae karibu..."

"Kafungue geti."

Mama Mayai alipanda upande wa pili. Kama angekataa kupanda, mumewe angekwenda peke yake. Aliona mkono wa kulia ukisukuma gongo, wa kushoto ukiingiza gia ya kwanza. Gia iliingia bila sauti. Aliona jinsi alivyoachia taratibu, taratibu, midomo imebanwa, na gari likaondoka laini, laini kama zamani, likavuka ua. Mkono wa kushoto ulirukia usukani. Jasho lilikuwa limemjaa Dereva kwenye nyusi, lakini alikuwa anatabasamu, na kwa muda huo mfupi mkewe aliamini.

Getini palihitaji kukata kona na kupunguza mwendo kwa pamoja. Dereva akakanyaga breki kwa mguu, akasukuma gongo kutafuta klachi, na ncha ya mbao ikateleza juu ya ile raba mpya ya pedali. Gari likaruka kama lililochomwa mkuki. Gongo likamgonga kidevuni, mguu ukapotea ukaangukia pedali ya mafuta, na nguzo ya geti ikaja. Halikuwa pigo kubwa. Bampa liliingia kidogo tu. Lakini nyuma yao kulisikika sauti ambayo Mama Mayai aliijua na kuiogopa maisha yake yote ya biashara, trei zikishukiana moja juu ya nyingine, na kisha kimya, na kisha matone.

Injini ilikuwa imezimika. Ute ulipita chini ya milango ya nyuma ukatengeneza mfereji wa njano kuelekea barabarani. Majirani walifika. Mmoja, mama wa nyumba ya pili, mtu mwema siku zote, alikuja na bakuli mkononi.

"Poleni jamani. Poleni sana." Akasita. "Yale yaliyopasuka juujuu tu, mnayafanyaje?"

Mtoto wao wa mwisho akaanza kulia. Dereva alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, damu ikimtoka kidevuni, na macho yake yalikuwa kwenye ufunguo. Mkono ulishuka. Alikuwa anataka kuwasha tena.

"Shuka," alisema Mama Mayai.

"Nimeelewa kilichotokea. Ncha ndiyo iliyoteleza, nikiifunga na kipande cha raba..."

"Shuka, baba watoto."

"Nipe mara moja tu."

"Shuka mayai yafike!"

Alipiga ukelele. Mtaa mzima ulisikia, na yule mwenye bakuli akatazama chini. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumpigia mumewe ukelele mbele za watu, hata siku za hospitali, hata siku za njaa. Dereva akamtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. Kisha akafungua mlango, akajishusha akishikilia kiti, na kwa kuwa gongo zima lilikuwa nyuma kwenye ute, alisimama kwa mguu mmoja amejishikiza kwenye kioo cha pembeni hadi binti yao alipomletea bega lake.

Waliosha rafu kwa ndoo. Walijaza nafasi kwa mayai yaliyotengewa vibanda, ambayo hayakuwa yamechambuliwa, na bado hazikujaa. Upepo akakaa kwenye kiti, akakisogeza nyuma kwa sababu miguu yake ilikuwa mirefu, akawasha. Hakuna aliyemwambia aendeshe polepole. Aliendesha polepole mwenyewe, kwa hofu ya dada yake aliyekuwa pembeni.

* * *

Mtunza stoo aliyapokea. Alilalamika uchache na uchelewaji, akakata bei, akasema kesho yake walete kamili. Yaliyopasuka yalikuwa ya wafugaji wa kuku waliowapa kwa mkopo, nao walitaka haki yao, kwa hiyo kile kidogo kilichotengwa kwa ajili ya kishikio kingine kilikwenda kwao kabla ya jua kuzama. Mchomeleaji hakurudi na kianzio. Mama Mayai hakumfuata tena.

Jioni walikula pamoja uani, wote kwenye mkeka, isipokuwa Dereva aliyewekewa kiti. Kidevu chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi, na watoto walikula wakitazamana. Upepo peke yake alikuwa na hamu ya kula. Alikuwa amefanya kazi siku nzima kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alikuwa ametumwa na kwenye kantini, na furaha yake ilimshinda kuificha.

"Lakini yule Kimya ni fundi," alisema, tonge mkononi. "Gari tamu lile. Sikujua."

"Kula," dada yake akamwambia.

"Nasema kweli, dada."

"Kula, nimesema."

"Mwache," alisema Dereva. Wote wakageuka. Aliweka sahani yake chini ya kiti taratibu. "Ya tatu inaingiaje?"

Upepo akamtazama dada yake, kisha shemeji yake. "Kama kisu kwenye siagi."

"Hairuki ukipanda mlima?"

"Haikuruka."

"Na ule mteremko wa kwenda kiwandani, uliushuka na gia gani?"

"Ya tatu."

Dereva alitikisa kichwa. "Ushuke na ya pili. Ukiwa na mayai, ya pili, toka juu kabisa, usingoje katikati. Pale chini kuna tuta halijapakwa rangi, hulioni mpaka umelifikia. Trei za mbele ndizo zinazoumia."

"Ya pili," alirudia Upepo. "Sawa, shemeji."

"Na mlinzi wa getini umsalimie kabla hajakusalimia, atakufungulia mapema, hutasimama juu ya kile kilima." Akakaza kitambaa cha kidevuni. Mama Mayai alikuwa ameshika bilauri ya maji, hainywi wala haiweki chini. "Na ukishabadili gia, ondoa mguu kwenye klachi. Nyie wenye miguu miwili mna tabia ya kuusahau pale. Mnaiunguza bure."

Upepo akacheka. Akaona hakuna mwingine aliyecheka, akaacha.